Arobaini Mbili za Ganda la Komamanga

Asubuhi ya siku ya thelathini na nne, Badi alimwambia dada yake kwamba mkojo wake umekuwa kama chai ya mkandaa, ile kavu isiyo na maziwa. Alilisema hilo kwa utulivu, amesimama mlangoni pa jikoni na mfuko wa vifaa begani, kwa kuwa alikuwa na friji ya duka moja la Bamburi iliyokuwa ikimngoja. Bi Salha alikuwa ameinamia sufuria. Alimjibu bila kugeuka kwamba ni ganda hilo. Ganda la komamanga hutia rangi kila linapopita: nguo, kinu, vidole.

"Na haya mato, dada? Ni ganda pia?"

Salha aligeuka, akamshika mkono, akamvuta hadi uani kwenye mwanga. Weupe wa macho ulikuwa umekuwa manjano, sawasawa pande zote mbili. Akamwambia aende hospitali siku ile ile, friji ya watu ingojee.

"Zimebaki siku sita," Badi alisema. "Nikimaliza nitakwenda."

Salha hakuelewa alichomaanisha, na hakumuuliza. Siku mbili baadaye, alipoelewa, Badi alikuwa amelazwa na tumbo lake limejaa maji.

Bi Salha ana miaka hamsini na tisa na anaishi Utange, Kisauni, katika nyumba aliyoachiwa na bibi yake, Fatma binti Najib. Uani kuna mkomamanga uliopandwa na bibi huyo. Hauna urefu wa kujivunia, na upande mmoja umekatwa kupisha ukuta wa jirani, kwa kuwa Utange ya leo si mashamba tena. Kila mwezi kuna msingi mpya unachimbwa. Watu hawaji kwa ajili ya tunda. Wanaofika mlangoni hutaka ganda, kwa tumbo la kuhara, vidonda vya mdomo au koo linalouma.

Kazi yake ina utaratibu. Ganda hukaushwa kivulini kwa siku tisa juu ya mkeka. Upepo ukileta moshi wa jaa la Mwakirunge, mkeka hufunikwa kwa kanga na siku hiyo haihesabiwi. Kisha ganda hutwangwa na kuchemshwa mpaka maji yawe mazito, machungu kiasi cha kukausha ulimi. Mgonjwa hunywa kikombe kimoja alfajiri kwa siku arobaini, na katika siku hizo haingizi kinywani dawa nyingine yoyote, iwe ya mti, ya duka au ya hospitali. Siku ya arobaini hurudi, akaketi chini ya mkomamanga, na Bi Salha humpasulia tunda zima alile bila kudondosha punje. Hapo huwa amefunguliwa.

Sharti hilo la arobaini lilikuwa la bibi yake, na sababu aliyoitoa ilikuwa fupi: ukipona, ujue ni nani wa kumshukuru.

Badi ni mdogo wake kwa miaka kumi na mitatu. Mama yao alifariki Badi akiwa na miaka minne, na Salha ndiye aliyemlea katika nyumba hiyo hiyo, chini ya sharti hilo hilo. Akiwa mtoto wa miaka minane alilala na homa kwa wiki nzima bila hata kidonge cha kutuliza maumivu, kwa sababu alikuwa siku ya ishirini na mbili. Alipona. Kisa hicho yeye mwenyewe hukisimulia kwa majivuno.

Alipofika miaka arobaini na mbili, Badi alikwenda kumtolea damu jamaa aliyekuwa akifanyiwa upasuaji. Damu yake ikakataliwa. Vipimo vilionyesha virusi vya homa ya ini, aina ya B, ambavyo huenda alikuwa navyo tangu utotoni bila kujua. Alipewa kidonge kimoja cha kumeza kila siku, na akaambiwa mambo mawili: kidonge hakitaviondoa virusi, kitavilaza tu, na asikiache bila idhini ya daktari, hata akijiona mzima.

Tatizo la kidonge hicho lilikuwa kopo lake. Dawa hiyo hiyo hutumiwa pia na wenye virusi vya UKIMWI, na mtaani watu wanalijua kopo kwa umbo na kwa mlio. Jirani mmoja aliliona juu ya kabati. Kabla ya Ijumaa kufika, mkewe Badi, Wardah, alikuwa ameshapewa pole na wanawake watatu kisimani. Tangu siku hiyo Badi alihamishia vidonge kwenye mkebe wa skrubu ndani ya mfuko wake wa vifaa, na huko ndiko alikovimeza, kazini, nyuma ya friji za watu.

Hayo yote Salha aliyajua. Badi hakumficha dada yake kitu.

Israa alifika Utange miaka miwili iliyopita. Ni binti wa ukoo wa wafanyabiashara, mwanafunzi wa shahada ya uzamili, na utafiti wake ulihusu kemikali za miti ya matunda zinazoweza kuzuia virusi. Alikuwa amekwisha kukusanya majani ya mpera na gome la mkwaju. Kwa Bi Salha alipiga hodi, akaamkia, akavaa glavu, akachukua ganda la makomamanga kumi na mawili na kulitia katika mifuko yenye nambari.

Badi alikuwepo siku hiyo, akirekebisha waya wa taa ya uani. Alisikia Israa akimuuliza dada yake alijuaje kwamba ganda ndilo linaloponya na si kitu kingine. Salha akaeleza sharti la arobaini.

Israa aliacha kuandika. "Bi Salha, hivi ndivyo tunavyofanya maabara. Kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukichanganya, hujui kilichofanya kazi ni kipi."

"Waona, dada?" Badi alisema kutoka juu ya ngazi. "Bibi alikuwa profesa, sisi tukimfukuza kuku wake."

Walicheka wote watatu. Israa anaikumbuka siku hiyo vizuri, na angependa kuisahau.

Barua ya matokeo ilikuja baada ya miezi kumi na minne, kurasa mbili za Kiingereza. Salha hasomi Kiingereza, hivyo Badi alimsomea, akifasiri sentensi kwa sentensi, kwa sauti ya mtu anayesoma khutba. Maji ya ganda la komamanga la Utange yalizuia aina mbili za virusi visiingie ndani ya chembe hai: vya mafua, na vile vinavyoleta malengelenge mdomoni. Yalizuia sana. Palikuwa na jedwali, na Badi akasoma tarakimu zake zote.

"Na hapa mwisho?" Salha aliuliza, akionyesha aya iliyobaki.

"Hapo ni shukrani na adabu za wasomi," Badi alisema, akaikunja barua.

Aya hiyo inasema hivi, ikitafsiriwa: jaribio limefanywa ndani ya vyombo vya maabara pekee, halijafanywa kwa mnyama wala kwa binadamu, halihusu virusi vingine, na ganda lisitumiwe badala ya matibabu yoyote aliyoandikiwa mgonjwa. Israa aliiandika kwa uangalifu na msimamizi wake akaikagua mara mbili. Hakuna kilichokosewa ndani yake.

Kinachotenganisha chombo cha maabara na mwili wa mtu si siri kwa wanaofanya kazi hiyo. Ndani ya chombo, kemikali ya ganda humwagwa moja kwa moja juu ya virusi. Ndani ya mtu hupita tumboni na kwenye utumbo kwanza, na huko huvunjwavunjwa, hata kinachofika kwenye damu kikawa kidogo na si kile kilichomezwa. Tena kuna virusi na virusi. Vya mafua huja na kuondoka. Vya homa ya ini aina ya B hujenga makao ndani ya ini na kukaa humo maisha yote ya mtu.

Badi aliisoma barua kama fundi. Kuna hitilafu inaitwa virusi, na kuna kitu kinachozuia virusi. Wiki hiyo hiyo alimwomba dada yake ganda.

"La ini?" Salha alimuuliza.

"La ini."

"Haya. Halidhuru."

Hayo ndiyo maneno yote waliyosemezana. Salha alidhani anampa ndugu yake kitu cha kuongezea juu ya dawa. Badi alidhani kinachojulikana hakisemwi. Alfajiri ya siku ya kwanza alikunywa kikombe, na mkebe wa skrubu hakuufungua.

Arobaini ya kwanza ilimalizika vyema. Badi alisema mwili umekuwa mwepesi, akaketi chini ya mti, akapasuliwa tunda lake, akamtania dada yake kwamba anampunja kwa kumpa dogo. Siku iliyofuata aliomba aanze arobaini ya pili, ili, kwa maneno yake, virusi vilivyobakia navyo vifungashe virago. Kimya cha ini lake alikichukulia kuwa ushahidi. Virusi viliposhuka kwa ajili ya kidonge havikutoa sauti, na vilipoanza kupanda tena havikutoa sauti vilevile.

Hospitalini, swali la kwanza la daktari lilikuwa kama mgonjwa ameacha dawa.

"Hajaacha hata siku moja," Wardah alisema. "Miaka minne."

Daktari alimwomba akaangalie. Wardah alirudi Kisauni, akamwaga mkebe wa skrubu juu ya kitanda. Chini ya skrubu palikuwa na vidonge kumi na saba. Kabatini, nyuma ya mashuka, akakuta makopo mawili ambayo hayajafunguliwa. Alimpigia simu Salha na kumwambia idadi, bila salamu.

Walikutana kwenye benchi nje ya wodi saa saba, wakati wa kuona wagonjwa.

"Ulimwambia aache?" Wardah aliuliza.

"Wallahi sikumwambia."

"Hukumwambia asiache."

Wardah hakupaza sauti. Alitoa kopo moja mkobani, akaliweka juu ya benchi baina yao, watu wakipita na kuliangalia, na safari hii hakulificha.

"Sharti la nyumba yenu mwalijua wenyewe," alisema. "Mimi niliolewa tu. Nilimwona akiamka alfajiri na kikombe chake, nikasema alhamdulillahi, mume wangu amepata nguvu."

Kuna jambo ambalo Bi Salha hakumwambia Wardah kwenye benchi hilo, na hakuwa amemwambia mtu yeyote kwa miaka sita. Ana shinikizo la damu. Kila asubuhi humeza kidonge chake cha presha, na juu yake hushushia nusu kikombe cha maji ya ganda, kwa ajili ya koo. Alianza siku alipoanguka uani na kuzinduka peke yake. Aliona kwamba sharti ni la wagonjwa wanaokuja mlangoni, si la mtu mzima anayeogopa kuanguka tena. Kidonge hukiweka ndani ya kikopo cha wanja. Kama angemeza mbele ya ndugu yake hata mara moja, anasema sasa, mengine yasingekuwa.

Daktari aliwaeleza kwamba virusi vilivyokuwa vimelazwa vimeamka vyote kwa pamoja, na mwili katika kuvipiga vita umelipiga ini lenyewe. Dawa ile ile ingerudishwa mara moja. Kama ini lina sehemu nzima ya kutosha, litajivuta polepole. Salha aliuliza ni asilimia ngapi nzima. Daktari alisema hawezi kumpa tarakimu.

Israa alikuja siku ya tatu. Salha ndiye aliyempigia, akitumaini, kwa namna ambayo hakuweza kuieleza, kwamba mtu aliyelipima ganda anaweza kuwa na kitu. Israa alisimama kwenye korido, mikono ameikunja ndani ya buibui.

"Niliandika, Bi Salha. Aya ya mwisho."

"Aya ya mwisho sikusomewa, mwanangu."

"Alisoma nani?"

Salha akaelekeza kidevu upande wa wodi.

Israa aliutazama mlango wa wodi. Kisha akauliza kama kuna lolote anaweza kufanya, na Salha akamwambia ndilo swali alilomwitia yeye.

Asubuhi ya siku ya thelathini na nane, kabla ya kwenda hospitali, Salha alipigiwa hodi na mwanamume wa Mwakirunge aitwaye Ngumbao, mkata mawe, mwenye vumbi jeupe hadi kwenye nyusi. Mkewe alikuwa na vidonda vya mdomo visivyopona. Amesikia chuo kikuu kimethibitisha.

"Mkeo yuwameza dawa za hospitali?" Salha alimuuliza.

"Alikuwa anameza, za kila siku. Usiwe na wasiwasi, Bi Salha, sharti lako tunalijua. Ameacha tangu juzi, nikasema nisije kwako na mtu mchafu wa dawa."

Salha alishika nguzo ya mlango. Alimwambia arudi sasa hivi, mkewe ameze dawa leo, asikose hata moja, na ampeleke kliniki wakamtazame. Alilisema mara tatu. Alimwambia sharti limeondolewa.

"Limeondolewa na nani?"

"Na mimi."

Ngumbao alimwangalia, akauangalia mti nyuma yake, umejaa matunda, na mkeka wa ganda kivulini.

"Kama hutaki kunipa, mama, sema tu hutaki. Mimi si mtoto." Alivaa kofia yake. "Kuna mwingine Majaoni. Yeye naye yuafuata arobaini, tena habagui."

Salha alimfuata hadi barabarani akimwita. Ngumbao alinyanyua mkono bila kugeuka, kama mtu anayeagwa. Alikuwa na pikipiki, na Salha hamjui mkewe kwa jina, wala hajui wanakaa sehemu gani ya Mwakirunge.

Alirudi uani, akachuma komamanga moja, akalitia kwenye mkoba, akaenda hospitali.

Badi alikuwa amebadilika tangu jana yake. Ini likishindwa kusafisha damu, uchafu hupanda kichwani. Alikuwa akimwita Wardah kwa jina la mama yake, na vidole vyake vilikuwa vikipapasa shuka kama anatafuta skrubu iliyoanguka. Muuguzi wa zamu, Bramwel, alisimama kando ya kitanda na kidonge ndani ya kikombe kidogo cha plastiki.

"Mama, afadhali umekuja," alimwambia Salha. "Jana alimeza. Leo tangu asubuhi amefunga mdomo. Huyu ni mgumu kuliko friji zote alizowahi kutengeneza. Jaribu wewe, wewe ndiye dada."

Salha alikipokea kikombe. Aliketi, akamwita ndugu yake kwa jina. Badi akageuza macho ya manjano, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alionekana kumjua mtu.

"Labeka, dada."

"Meza hiki."

"Sijamaliza arobaini."

"Nimekufungua. Arobaini imekwisha."

Badi alitikisa kichwa taratibu, kama mtu mzima anayemvumilia mtoto. Salha akatoa komamanga mkobani. Hakuwa na kisu. Alilipasua kwa vidole gumba, maji yakamchuruzika hadi kwenye viwiko, punje chache zikaruka sakafuni. Alilishika mbele ya uso wake.

"Waona? Nimekupasulia. Umefunguliwa, Badi."

Badi aliliangalia tunda. Akaliangalia dari, kitanda cha jirani, dirisha.

"Mti uko wapi?" aliuliza.

Hapo Salha akamwambia jambo la presha. Alimwambia yote: miaka sita, kikopo cha wanja, nusu kikombe juu ya kidonge kila siku ya Mungu, na hakuna kilichomfika. Alilisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Wardah, aliyekuwa upande wa pili wa kitanda, aliinua uso akamtazama, na Bramwel akajishughulisha na faili.

Badi alikuwa akisikiliza, au alikuwa akimwangalia tu. Salha alipomaliza, akamtilia kidonge mdomoni. Midomo haikufunguka. Alikisukuma kwa kidole, kama alivyokuwa akimlisha uji, na meno ya Badi yakakaza nyuma ya midomo, kwa nguvu ambazo hakuna aliyedhani bado anazo. Kidonge kililowa, kikaanza kumeguka, kikamwacha alama nyeupe kidevuni.

"Basi, mama," Bramwel alisema. "Tutapitisha kwa mpira wa puani. Nitahitaji mtu wa kumshika mikono."

Wardah akashika mkono mmoja, Salha akashika mwingine. Bramwel alirudi na mpira na glavu, akaliona tunda juu ya kabati, akaomba liondolewe kwa sababu mgonjwa haruhusiwi. Salha alilirudisha mkobani kwa mkono wake uliokuwa huru. Badi aligeuza kichwa kulifuata kwa macho, midomo bado ameifunga.